Mlima Hupandwa kwa Hatua za Mtoto

Ndugu msomaji, likizo ya mwezi Juni inapokaribia, swali moja huzuka katika nyumba nyingi za wafanyakazi hapa Dodoma: watoto tuwapeleke wapi? Aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam kufuata ofisi, tangu Serikali ilipoanza kuhama kwa kasi mwaka 2016, huwasikia wanawe wakinung'unika kwamba huku hakuna bahari, ila vumbi na upepo. Naye mwenyeji aliyezaliwa Ugogo aghalabu ameishi miaka arobaini chini ya jabali lile lile bila kulipanda pamoja na wanawe hata siku moja, kwa kuwa jabali, kwa fikira zake, ni makazi ya pimbi na machungio ya mbuzi.

Jibu langu la leo liko mbele ya macho yetu sote. Wapelekeni mlimani. Siyo kwa gari hadi mahali pa kupigia picha, bali kwa miguu, kutwa nzima, hadi jasho liwatoke na magoti yatetemeke kidogo. Lakini nasema pia, na hili ndilo kiini cha mazungumzo yetu, kwamba safari hiyo inaweza kumjenga mtoto ama kumvunja moyo, na pengine kumdhuru. Tofauti kati ya haya mawili haiko mlimani. Iko kwa mzazi.

NCHI ILIYOINULIWA

Kwanza tuijue nchi tunayoikanyaga. Mji wa Dodoma umesimama kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtoto anayedhani yuko bondeni ameshainuliwa juu kuliko vilele vya vilima vingi vya pwani. Uwanda huu wa kati umekaa juu ya miamba ya matale ambayo ni miongoni mwa miamba ya kale kabisa katika Afrika, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Mvua, jua na upepo vimekula udongo uliokuwa umeifunika, na ile migumu ikabaki imesimama kama mafuga makubwa yaliyosahauliwa na majitu. Ndiyo majabali tunayoyaona Mlimwa, na katika njia za kwenda Bahi, Kondoa na Manyoni.

Mtoto akiambiwa hayo darasani atayaandika katika daftari na kuyasahau baada ya mtihani. Akiambiwa akiwa ameegemea jabali lenyewe, kiganja chake kikiusikia ubaridi wa asubuhi ndani ya jiwe, hatayasahau. Na pimbi yule anayemchungulia kutoka katika ufa wa mwamba, mdogo kama sungura, mwambieni kwamba wataalamu wa wanyama wanamhesabu kuwa ndugu wa karibu wa tembo. Hatawasadiki. Mwacheni abishe, ubishi ni mwanzo wa elimu.

VIDATO VITATU

Wazazi wengi hukosea kwa kuanzia mwisho. Sisi ni taifa ambalo uhuru wake ulitangazwa kwa bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro, vilivyosimikwa na Luteni Alexander Nyirenda usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kwa hiyo kila baba hutaka mwanawe naye asimame juu ya kilele kikubwa. Lakini Nyirenda alikuwa askari mtu mzima aliyefunzwa. Hata leo watoto walio chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kuelekea kilele cha mlima ule. Tuanze na ngazi ya chini.

Kidato cha kwanza ni vilima vya jirani, vile ambavyo familia huweza kuvipanda na kushuka kabla ya saa tano ya asubuhi. Mtoto wa miaka sita au saba mwenye afya anaviweza. Kabla ya kupanda, ulizeni katika ofisi ya serikali ya mtaa, kwani baadhi ya vilima vya mjini vina mitambo au vimepakana na maeneo yasiyoruhusiwa. Vipandeni mara tatu au nne, katika Jumamosi mbalimbali. Hapo ndipo mtakapojua ni nani katika nyumba yenu huchoka mapema, nani huogopa kimo, na nani hukimbia mbele bila kutazama.

Kidato cha pili ni Kolo, wilayani Kondoa, kiasi cha kilomita 180 kaskazini ya Dodoma katika barabara kuu iendayo Babati. Hapo kuna michoro ya miambani iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtoto wa miaka tisa na kuendelea aliyekwisha zoea vilima vya nyumbani atafaidi sana. Kwa kuwa njia ni ndefu, ni vema familia ilale Kondoa mjini usiku wa kuamkia siku ya kupanda, badala ya kuanza mlima na watoto waliokwisha choshwa na gari.

Kidato cha tatu ni Mlima Hanang, uliopo juu ya mji wa Katesh katika Mkoa wa Manyara. Ni mlima wa volkano iliyozimika, wenye kimo cha kiasi cha mita 3,420. Kuupanda na kushuka kwa siku moja huwachukua watu wazima wenye nguvu takriban saa kumi. Huo si mlima wa watoto wadogo. Ni wa kijana wa miaka kumi na minne au zaidi, aliyefanya mazoezi, na aliyeomba mwenyewe kwenda.

SHANTA NA KILICHOMO

Msimu wetu wa mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Katika miezi hiyo miamba huteleza na radi hupenda vilele. Chagueni Juni au Julai, wakati wa baridi na ukavu. Hata hivyo msidanganywe na ubaridi wa alfajiri: kufikia saa sita jua la Dodoma hulipika jiwe, nalo jiwe humpika mtu. Kwa hiyo ondokeni nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na mfanye hesabu ya kwamba saa sita iwakute mkiwa kivulini.

Maji ni jambo la kwanza, la pili na la tatu. Katika nchi yetu kavu msitegemee kukuta chemchemi juu ya jabali. Kwa safari ya kutwa, chukueni lita mbili kwa kila mtoto na lita tatu kwa kila mtu mzima. Kila mtoto abebe chupa yake ndogo, lakini akiba kuu ibebwe na wazazi. Mnywesheni kabla hajasema ana kiu, kwani mtoto anayecheza hukumbuka kiu akiwa amekwisha kauka. Kama mkojo wake umekuwa wa manjano iliyokolea, ama hajakojoa tangu asubuhi, maji hayatoshi.

Chukueni pia sukari na chumvi katika vikaratasi. Mtoto akilegea kwa jua na jasho, au akiharisha, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, vitamrudishia nguvu. Pimeni kwa uangalifu, maana chumvi ikizidi hudhuru.

Chakula kiwe kile wanachokipenda, wala si lazima kiwe cha gharama. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati, karanga, ubuyu na zabibu kavu, matunda ya mkoa wetu wenyewe, huwashinda biskuti za dukani kwa kudumu tumboni. Gaweni kidogo kidogo kila baada ya saa moja. Mtoto aliyenuna mlimani mara nyingi ni mtoto mwenye njaa.

Miguuni wavae raba zenye meno na soksi, na raba hizo ziwe zimekwisha valiwa kwa wiki mbili angalau. Kandambili zibaki nyumbani. Kofia pana, sweta kwa asubuhi, suruali ndefu kwa ajili ya miiba, tochi, bendeji, na filimbi moja kwa kila mtoto. Mfundisheni kwamba akipotea asitembee: akae pale pale alipo, apige filimbi mara tatu, atulie, kisha arudie. Simu ya mkononi ni msaada, lakini nyuma ya majabali mtandao hupotea, na betri haina huruma. Mwachieni jirani ujumbe wa mahali mnakokwenda na saa mtakayorudi.

HATUA YA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo gumu kuliko shanta. Baba huenda mbele, kwa kuwa ni baba. Mama huachwa nyuma na yule mdogo. Wa kati hupotea baina yao. Baada ya saa moja baba amesimama juu ya jiwe akipaza sauti, "Haya, upesi!" na tangu hapo safari imekuwa adhabu.

Mlima hupandwa kwa hatua za mtoto wa nyuma kabisa. Mwekeni yule mwenye miguu mifupi awe wa pili katika mstari, nyuma tu ya mtu mzima anayeongoza, na mtu mzima mwingine awe wa mwisho. Kama mtoto hawezi kuzungumza huku akipanda, mwendo ni wa haraka mno. Pumzikeni dakika tano kila baada ya nusu saa, wala msisubiri aombe. Mwenda pole hajikwai, na juu ya matale kujikwaa si jambo la mzaha.

Ninamfahamu fundi mmoja wa magari, mkazi wa mjini hapa, aliyewapeleka wanawe watatu kupanda jabali. Walikuwa wamebakiza mwendo wa dakika ishirini kufika kileleni. Yule wa kati, msichana wa miaka tisa, akakaa chini mahali penye mteremko mkali akasema haendi. Hakulia. Alishika jiwe kwa mikono miwili na kutikisa kichwa. Kaka yake akamcheka, akamwita mwoga. Fundi yule akatazama kilele, akamtazama binti, kisha akamwambia kijana wake, "Leo sote tunaishia hapa. Hapa ndipo kileleni kwetu." Wakala chakula chao pale pale, wakashuka.

Kaka alinuna njia nzima, na baba mwenyewe aliniambia kwamba moyo ulimuuma, kwa kuwa alikuwa ameahidi picha ya kileleni kwa wenzake wa gereji. Lakini baada ya miezi miwili ni yule binti aliyeuliza, siku ya Ijumaa jioni, akiosha vyombo: "Baba, lini tutarudi kwenye lile jiwe?" Walirudi. Safari hiyo alipita pale pale alipokaa, akaligusa jiwe lake, akaendelea.

Msomaji wangu, tafakari kidogo. Kama angeburutwa siku ile ya kwanza angefika kileleni, naam, lakini angefika na somo moja tu: kwamba hofu yake haisikilizwi na mtu. Mtoto anayejifunza hivyo mlimani hatakwambia hofu yake nyumbani, wala ile ya shuleni, wala ile ya njiani atokapo shuleni. Kugeuza njia mbele ya watoto si aibu. Ni ahadi kwamba neno lao lina uzito.

Nikiwa hapo niongeze jambo. Katika nyumba nyingi anayechukuliwa mlimani ni mvulana, na msichana hubaki kusaidia jikoni. Mapafu hayana jinsia. Makande yanaweza kuinjikwa usiku na wote kwa pamoja, na asubuhi wote wakaondoka.

HATARI ZA MAWENI

Miamba ina wenyewe. Kifutu hulala kando ya njia asiondoke hata akisikia vishindo, na swila hujificha katika nyufa. Mtoto asitie mkono mahali asipopaona, wala asigeuze mawe. Ikitokea ameumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mlazeni atulie, fungeni kiungo kwa ubao au fimbo kisichezecheze, kisha mbebeni upesi hadi hospitali, asitembee mwenyewe. Mkiona nyuki wakiingia na kutoka katika ufa, pitieni mbali na kimya. Na utomvu mweupe wa mnyaa, ule mti wa uzio unaoonekana vijijini kwetu, ukiingia machoni huweza kuyaharibu. Osheni kwa maji mengi mara moja na muende kwa daktari.

WALIOTUTANGULIA KOLO

Mkifika Kolo anzieni katika ofisi ya hifadhi iliyopo kijijini mpewe kiongozi. Kilima cha Mongomi kina mwinuko mkali unaomtoa mtu pumzi, lakini malipo yake ni makubwa. Chini ya miamba iliyoinama kama mapaa kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wanyama waliowindwa na mababu wa kale. Michoro mingine, iliyofanywa kwa rangi nyeupe, ni ya wakulima waliokuja baadaye. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walifanya kazi kubwa ya kuinakili. Kabla yao wenyeji waliijua, na hadi leo Warangi huendesha matambiko yao katika kilima hicho. Kwa hiyo watoto waelezwe mapema: hapa hatupigi kelele, hatugusi ukuta, hatumwagii maji mchoro ili ung'ae. Kilichodumu kwa zaidi ya miaka 2,000 kinaweza kuharibiwa na kiganja chenye jasho.

Njiani, waonyesheni pia makorongo ya Kondoa. Udongo wa huko ulimomonyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoathirika ili majani yaote tena. Ulikuwa uamuzi mchungu kwa wafugaji. Mtoto akiliona korongo kwa macho yake atauliza kwa nini watu walihamisha ng'ombe wao, na mtakuwa na la kuzungumza hadi nyumbani.

HANANG NA HESHIMA YAKE

Kwa watakaokwenda Hanang na vijana wao, nasema machache. Msitu wa mlima huo ni hifadhi. Ingieni kwa kibali na kwa kiongozi. Anzeni alfajiri, na muweke saa ya kugeuka: ikifika saa saba mchana hamjafika kileleni, mnarudi, hata kama kilele kinaonekana. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi sita, hivyo chukueni makoti. Juu ya mita 2,500 baadhi ya watu huanza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya wembamba wa hewa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, wala si kujikaza.

Tena tukumbuke tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ziliporomosha sehemu ya mlima ule; tope, mawe na magogo vikateremka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Familia nyingi bado zinaomboleza. Anayepanda Hanang leo anapita juu ya vichwa vya waliofiwa. Apite kwa adabu, asiende wakati wa masika, na awaambie wanawe kwamba mlima si uwanja wa michezo.

KUSHUKA NDIYO NGOMA

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Wengi huanguka wakati wa kushuka, miguu imechoka na fikira zimetangulia nyumbani. Bakizeni theluthi ya maji na chakula kwa ajili ya kushuka. Mtu mzima atangulie chini ya mtoto, kamwe asimwache mtoto akimbie mteremko. Mkifika nyumbani, kagueni nyayo, osheni michubuko, na mwacheni kila mtoto asimulie safari kwa namna yake, hata akiongeza chumvi. Msimsahihishe kila neno.

Mzazi wa mjini humjua mwanawe kwa ripoti ya shule na kwa gharama za viatu. Kutwa moja mlimani humwonyesha mengine: nani hugawa karanga zake za mwisho bila kuambiwa, nani humngoja mwenzake, nani hucheka akianguka. Na mtoto naye humwona mzazi wake akitoka jasho, akisita, akichagua, akigeuka. Nauli ya kufika kwenye jabali la jirani haizidi bei ya soda chache. Jumamosi hii chemsheni viazi, jazeni chupa, mkalale mapema.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maji ya mvua nyumbani kabla msimu haujaanza. Kwaherini.